Neno Lililomsimamisha Jaji Mkuu



Wasemao Kiingereza wameyatoa baadhi ya maneno ya hesabu darasani wakayatia katika mazungumzo. Mwalimu akiandika kwamba insha ya mtoto imekwenda "tangent", tusimkemee mtoto kwa hesabu. Mstari wa jina hilo huligusa duara mahali pamoja tu, kisha ukaenda zake. Basi mtoto ameigusa mada, akaiacha. Na mambo mawili yakiwa "orthogonal", yamekutana kama mistari ya pembemraba: moja halina uhusiano na jingine.

Neno hili la pili alilitamka Profesa Richard Friedman katika Mahakama ya Juu ya Marekani, Januari 2010. Jaji Mkuu John Roberts alimkatiza, akataka kujua ni neno gani hilo. Profesa akalifafanua, na Jaji Antonin Scalia akalipenda.

Ikiwa Jaji Mkuu aliuliza mbele ya watu, sisi wazazi tunaona haya gani mbele ya mwalimu? Tukiitikia kwa kichwa tusilolifahamu, atakayepata hasara ni mtoto. Kuuliza si ujinga.