Masikio yanayolia: «Hakuna dawa» lisiwe neno la mwisho

Bukavu – Katika komine za Kadutu, Ibanda na Bagira wamo watu wanaolala na mlio ambao jirani zao hawausikii. Kwa mmoja ni kama filimbi, kwa mwingine ni kama nyenje, kwa mwingine tena ni kama mashini ya kusaga iliyo mbali. Mchana kelele za soko na pikipiki huufunika. Usiku mji ukinyamaza, mlio unabaki peke yake na usingizi unakimbia.

Mara nyingi mtu wa namna hiyo akienda kwenye kituo cha afya anarudi na maneno mawili tu: hakuna dawa. Si uongo. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuzima mlio huo. Lakini mgonjwa akiambiwa hayo tu, ameachwa mikononi mwa wauza matone, mwa wanaotoa vidonge vya usingizi bila ordonansi, na mwa wale watakaomwambia kwamba amerogwa. Kilichobaki kusemwa ni kwamba nafuu ipo, na mara nyingi chombo chake kimo tayari nyumbani.

Nafuu hiyo ni sauti nyingine, ya chini na isiyobadilika. Katika miaka ya 1970, daktari Charles Unice, aliyeteswa na mlio wa masikio, alimtembelea mtafiti Jack Vernon katika mji wa Portland, Marekani. Walipopita karibu na chemchemi ya maji ya mjini, Unice aligundua kwamba hausikii tena mlio wake. Kutoka hapo Vernon alitengeneza vifaa vidogo vya kuvaa sikioni, vinavyotoa sauti ya kuvuma ili kufunika mlio.

Sababu yake si uchawi. Kelele kali au uzee vikiharibu chembe za ndani ya sikio, ubongo unapokea sauti kidogo kuliko zamani. Wataalamu wengi wanaona kwamba hapo ubongo huongeza nguvu ya kusikiliza, kama mtu anayepandisha redio ili apate kituo cha mbali, na kinachosikika ni mlio. Kimya kinaukuza. Sauti laini inaupunguzia nguvu, kama mshumaa unavyofifia jua likitoka.

Je, lazima kununua kifaa cha Ulaya? Hapana. Mwaka 2018 uchunguzi wa Cochrane uliokusanya tafiti 8 haukupata ushahidi kwamba vifaa vya sauti vinashinda kungoja tu, wala kwamba aina moja inashinda nyingine. Basi asiuze mbuzi mtu yeyote kwa ajili hiyo. Ajaribu kwanza kisicho na gharama: redio ya betri iliyowekwa katikati ya vituo viwili, pale inapotoa «shhh» tupu, feni, siku umeme ukiwapo, au sauti ya mvua juu ya mabati iliyorekodiwa kwenye simu.

Sauti hiyo iwe ya chini. Mtafiti Pawel Jastreboff alifundisha kwamba ni afadhali mlio wenyewe uendelee kusikika kidogo, ili ubongo uuzoee. Habari na mahubiri hayafai, maana maneno yanaamsha akili. Redio ikae pembeni ya kitanda, si visikizi masikioni usiku kucha.

Wapo watakaocheka: mji huu una kelele za kutosha, za nini kuongeza? Hapo ndipo penye kosa. Spika za baa na za makanisa hazitibu masikio, zinayaharibu. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Wanaochomelea vyuma na wanaosaga unga wanahitaji vizuizi vya masikio, na wakuu wa komine wanapaswa kuzibana spika hizo.

Redio pia isichukue nafasi ya daktari. Mlio wa sikio moja tu, unaopiga pamoja na moyo, au unaokuja na usaha ama kizunguzungu, unahitaji kupimwa. Sikio likiziba ghafla na kuacha kusikia, mtu aende siku ileile. Wakati mwingine ni nta tu. Wakati mwingine ni dawa: kinini, sindano za gentamisini au aspirini nyingi. Anayesikia mlio akiwa kwenye matibabu hayo amwambie muuguzi mara moja, asiache dawa kwa kujiamulia.

Wauguzi wa vituo vya afya hawahitaji bajeti mpya kwa jambo hili. Baada ya kumpima mgonjwa na kukosa ugonjwa wa hatari, watumie dakika tano kumweleza jinsi ya kutumia redio yake usiku, na wampe siku ya kurudi kusema amelala namna gani.