Mtende Hunywa Kiasi Gani?



Limetufikia swali kutoka kwa mama zetu zaidi ya mmoja, nalo lina vipande viwili. Wamesikia ya kwamba katika nchi za Ghuba iko mitende inayomwagiliwa maji yaliyotoka vyooni na jikoni, yakapitishwa mitamboni yakasafishwa, kisha yakapelekwa mashambani. Wanauliza: je, tende za mitende hiyo zafaa kuwekwa kwenye sahani ya futari? Na la pili: nchi zenye mafuta na majumba marefu zimepatwa na nini hata zikafikia kuinywesha mitende maji ya namna hiyo? Tutaanza na la pili, kwa kuwa hukumu ya kitu hufuata kukijua.

Tutazame Abu Dhabi. Mvua ya mwaka mzima huko haifiki milimita 100. Sisi wa Mombasa hupata zaidi ya hizo katika mwezi mmoja wa Mei. Maji ya kunywa wenyeji huyapata kwa kuyatoa chumvi maji ya bahari, kazi yenye gharama kubwa. Mashamba kwa miaka mingi yametegemea maji ya chini ya ardhi, na hayo si maji ya mvua ya juzi na jana. Ni akiba iliyojikusanya katika zama ambazo ardhi ile ilikuwa na unyevu zaidi kuliko leo. Kinachovutwa kwa pampu hakirudishwi na mvua kwa kasi ile ile. Visima vikashuka, na kila vinaposhuka maji huzidi chumvi. Mtende una subira na chumvi kuliko miti mingi ya matunda, lakini subira nayo ina mpaka.

Hapo ndipo likazuka swali ambalo mtu angedhani limejibiwa tangu zama za mababu: mtende mmoja hunywa maji kiasi gani kwa siku? Wakulima walijua kuumwagilia. Kuujua unywaji wake ni jambo jingine, kwani maji yanayomiminwa shinani si yote yanayoingia mtini. Mengine huruka na jua, mengine huzama yakapita mizizi.

Ili kulijibu walishirikiana watu wa mbali. Ilikuwapo Idara ya Mazingira ya Abu Dhabi yenyewe. Kilikuwapo pia kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maji ya chumvi kilichoko Dubai, kijulikanacho kwa kifupi kuwa ICBA, kilichoasisiwa 1999 kwa mchango wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah pamoja na wengine. Na wa tatu walitoka New Zealand, katika taasisi ya Plant & Food Research. Msomaji ana haki ya kushangaa. New Zealand ni nchi ya mvua na kondoo, mtende utaujulia wapi? Lakini wataalamu wake walikuwa wamekaa miaka mingi wakipima maji yanayopanda ndani ya mashina ya mizabibu na mitufaha. Ufundi wanao, mtende wanao wenziwao.

Na namna ya kupima ni jambo la kupendeza kulisikia. Sindano nyembamba huchomekwa ndani ya shina. Moja hutoa joto dogo kwa muda mfupi sana, na nyingine zilizo juu na chini yake husikiliza joto hilo linafika lini. Maji yanayopanda mtini hulibeba joto pamoja nayo, basi likifika upesi hujulikana kuwa mti unakunywa sana, na likichelewa hujulikana kuwa unakunywa kidogo. Mchana kutwa na usiku kucha, kiangazi na kipupwe, mtende ulikuwa ukiandikiwa hesabu yake.

Walizichagua aina tatu: Lulu ambayo huvumilia chumvi, Khalas ambayo iko kati, na Shahlah ambayo ni dhaifu mbele ya chumvi. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2019 yameonyesha kwamba mtende unaopewa maji ya chumvi nyingi hunywa kidogo na huzaa kidogo. Chumvi huuzuia mti kunywa hata ukiwa umesimama majini, kama mtu mwenye kiu aliye katikati ya bahari. Yameonyesha pia kwamba unywaji wa kiangazi ni mbali kabisa na ule wa kipupwe. Kwa hiyo anayefungua bomba kwa kipimo kimoja Januari na Julai hudhulumu maji katika msimu mmoja au hudhulumu mti katika mwingine. Wakapendekeza kipimo: mti upewe kile unachokinywa na nusu yake juu. Katika nusu hiyo, robo ni ya tahadhari, na robo ni ya kuisukuma chumvi ishuke chini ya mizizi, kwa maana mti hunywa maji ukaiacha chumvi nyuma, na chumvi isiyosukumwa hujikusanya mpaka ardhi ikafa.

Wako watakaosema haya ni mambo ya watu wa dunia, na sheikh yamemhusu nini. Tunawakumbusha kisa kilichomo katika Sahihi Muslim, nacho pia ni kisa cha mitende. Mtume (s.a.w.) aliwapitia watu wa Madina wakiichavusha mitende yao kwa mikono, akasema maneno yaliyowafanya wadhani hapana haja ya kazi hiyo. Wakaiacha, na mazao yakapungua. Alipoambiwa, aliwajulisha kuwa katika mambo ya dunia yao wao ndio wenye ujuzi zaidi. Basi anayeijua kazi ya maji aulizwe maji, awe ametoka Madina au New Zealand.

Serikali ya Abu Dhabi haikungoja utafiti wote umalizike. Mwaka 2016 ilipitisha Sheria namba 5 ya kusimamia maji ya chini ya ardhi, na Idara ya Mazingira ikapewa usimamizi wa visima na wa kiasi kinachovutwa. Na hapa ndipo tunapoiona faida kubwa ya zile sindano. Ukimwekea mkulima mpaka wa maji pasipo kujua mti wake unahitaji nini, utamdhulumu, naye atakuwa na haki ya kunung'unika. Kipimo hutangulia, hukumu ikafuata.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Zubayr bin Awwam (r.a.), ambaye mama yake ni shangazi yake Mtume (s.a.w.), aligombana na mtu wa Ansari juu ya mifereji ya kumwagilia mitende huko Harra nje ya Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu, la Ansari lilikuwa chini. Mtume (s.a.w.) kwanza alihukumu kwa upole: Zubayr amwagilie, kisha amwachie jirani yake. Ansari yule akatamka neno la kumtuhumu upendeleo wa ujamaa. Ndipo Mtume (s.a.w.) akamwambia Zubayr aichukue haki yake kamili, ayazuie maji mpaka yafike kwenye kuta za shamba. Wanazuoni wakaja wakakipima kiwango hicho, wakasema ni maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Tazameni: hata haki ya mwenye shamba la juu ilikuwa na kimo kinachopimika.

Na ndugu zetu wa Oman, ambao wengi wetu tuna damu nao, wameigawa mifereji yao ya falaji kwa karne nyingi kwa muda badala ya ujazo. Mchana walisoma kivuli cha kijiti na usiku wakazisoma nyota, kila mwenye zamu akajua zamu yake. Maji yakitoka hupita kwanza panapotekwa ya kunywa, kisha msikitini, ndipo yakaenda mashambani. Mitano katika mifereji hiyo imeingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006.

Sasa turudi kwenye sahani ya futari.

Maji yaliyosafishwa baada ya kutumika majumbani yana sifa moja iliyowavutia watafiti: kwa kawaida chumvi yake ni ndogo kuliko ya visima vya jangwani. Wameyajaribu kwa mitende, na wameyajaribu katika misitu iliyopandwa jangwani, kwenye miti ya ghafu na mikunazi. Ndiyo, mkunazi huu huu ambao majani yake twawaoshea maiti wetu. Basi ikiwa maji hayo yanatumika, hukumu yake ni ipi?

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata hapa pwani, maji yaliyofikia kulla mbili, yapata lita 200, hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi. Na yakishabadilika, mabadiliko yakaondoka yenyewe au kwa kuongezwa maji mengine, hurudi katika twahara. Kisichokubalika ni kuificha harufu kwa miski au zafarani. Mitambo hii haifichi, bali huitoa taka yenyewe ndani ya maji. Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lililitazama jambo hili mwaka 1978, likaamua kuwa maji yakisafishwa hata yasibaki na athari yoyote ya najisi huwa twahara, na huondolea hadathi. Katika kuyanywa wakasisitiza kutazama usalama wa afya, na kwamba ni bora kujiepusha nayo kadiri inavyowezekana.

Na tende zenyewe zina wepesi zaidi. Wanazuoni wa madhehebu yetu wamesema wazi kwamba mti ukinyweshwa hata maji yenye najisi, matawi yake, majani yake na matunda yake ni twahara. Najisi ikiligusa tunda kwa nje, huoshwa. Na tende iko juu kileleni, maji yako chini shinani. Basi mama zetu, wekeni tende zenu na mle kwa bismillahi, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Lakini msichanganye mawili haya. Maji yaliyosafishwa ni kitu kimoja. Mchicha na kitunguu cha majani vinavyomwagiliwa maji ghafi ya mtaro nyuma ya mji ni kitu kingine. Twahara ya jani baada ya kuoshwa haiondoi maradhi yaliyomo, na kumdhuru Muislamu ni haramu kwa anayelima na kwa anayeuza akijua. Mboga ya namna hiyo tusiilishe watoto kwa hoja za kifikihi.

Haya ya Abu Dhabi tumeyarefusha kwa sababu chumvi ile iko pia chini ya miguu yetu. Mji wa Lamu unakunywa kutoka vilima vya mchanga vya Shela. Mvua huzama mchangani, na maji baridi kwa kuwa ni mepesi hukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake. Yakivutwa kuliko mvua inavyoleta, ya chini hupanda. Ndivyo ilivyo katika visima vingi vilivyo karibu na bahari. Mama anayekiteka kisima kila alfajiri hujua kabla ya mhandisi kwamba ladha imebadilika, kwa kuwa chai yake imebadilika. Na bustani yake ndogo humpa habari: ncha za majani huungua, na ukungu mweupe hubaki juu ya udongo ukikauka. Kwa bustani ya namna hiyo, maji yapewe mizizi wala si majani, jioni au alfajiri, na udongo ufunikwe kwa majani makavu ili jua lisiyanyonye maji likaiacha chumvi. Maji yaliyotumika kwa udhu nayo ni twahara, hayana budi kupotelea mtaroni. Misikiti yetu iliyo na uwanja yaweza kuyaelekeza kwenye miti. Naye Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi mmoja, ambao ni sawa na kibaba chetu, na akioga kwa pishi moja.

Liko jambo moja ambalo hatuoni haya kulisema. Watafiti wa kigeni na wa nchini huja vijijini kwetu, huchota maji katika chupa, huuliza maswali mengi, huondoka, na watu wa kisima wasisikie tena lolote. Ushirikiano wa mataifa usiofika kwa mwenye ndoo ni ushirikiano wa watu wa mbali baina yao. Basi akija mtu na chupa zake, mpokeeni kwa wema na mumsaidie, lakini mkubaliane naye kabla hajachota: aliandike jina la kisima mbele yenu, na aitaje siku ya kuja kuyasoma majibu kwa Kiswahili, barazani au madrasani, kina mama wakiwapo, maana ndoo hazibebwi na wazee wa kamati.