Lishe: Mama wa Kakamega Aulizwe kwa Lugha Gani?

Kila mwaka vyuo vyetu huwapokea vijana wanaotaka kusomea lishe. Tangu Bunge lilipopitisha sheria ya wataalamu wa lishe mwaka 2007, kazi hii imekuwa taaluma yenye taasisi yake ya kuidhinisha mafunzo na kuwasajili wahitimu. Kwamba wanahitajika halina ubishi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Ni nafuu ukilinganisha na 26 wa mwaka 2014, lakini ni nafuu isiyomfariji mzazi ambaye mwanawe ni miongoni mwa hao 18.

Mimi si mtaalamu wa lishe. Kazi yangu ni isimu. Hata hivyo, wanafunzi wa somo hilo hapa Kakamega hunijia mara kwa mara na hojaji zao, wakiomba niwasaidie kuzitafsiri kabla ya kwenda nyanjani. Katika hojaji hizo nimeona jambo ambalo walimu wenzangu wa sayansi hulichukulia kuwa dogo, nami naliona kubwa.

Somo la utangulizi wa lishe hufundishwa kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi hujifunza wanga, protini, mafuta, vitamini na madini. Hujifunza jinsi chakula kinavyosagwa tumboni, na mahitaji ya mwili kulingana na umri. Kisha hufundishwa kupima hali ya lishe, na mojawapo ya mbinu za kwanza ni kumwomba mtu akumbuke kila alichokula katika saa 24 zilizopita. Darasani mbinu hiyo ni nyepesi. Mwanafunzi akifika Shinyalu au Lurambi, hulazimika kuitafsiri papo hapo mbele ya mama aliyempakata mtoto, na hapo ndipo mambo huharibika.

"Jana mtoto alikula nini?" huuliza kijana. "Ugali," hujibu mama. Katika Kiluhya, obusuma ndicho chakula chenyewe. Mtu aliyeshiba viazi vitamu na ndizi anaweza kukuambia bila kutania kwamba amelala njaa, maadamu hakuona ugali. Mapera aliyoyachuma mtoto uani hayahesabiwi kuwa chakula. Muwa hutafunwa. Uji hunywewa. Kumbikumbi, hao tsiswa wanaokusanywa baada ya mvua na kukaangwa, ni kitu cha kupitishia wakati. Mama hakudanganya wala hakusahau. Amejibu swali aliloulizwa. Lakini katika fomu ya mwanafunzi mapera yametoweka pamoja na vitamini C yake, na kumbikumbi pamoja na protini na mafuta yao.

Chukua pia neno mboga. Kamusi itakuambia ni majani au matunda yanayopikwa kwa kuliwa na chakula kikuu. Walakini kwa wasemaji wengi wa bara, mboga ni chochote kinachoteremshia ugali, iwe sukuma wiki, omena au nyama. Mama akisema, "Jana tulikosa mboga," amemaanisha nini? Mwanafunzi aliyezoea fomu ya Kiingereza huandika kuwa familia haikula majani, huku swali la samaki na nyama likibaki bila jibu.

Hata majani yenyewe hufutwa upekee wao. Murere, lisutsa, tsisaka, likhubi (majina hubadilika kidogo kutoka lahaja hadi lahaja) huingia katika safu moja ya "mboga za kijani". Mpishi wa Kakamega hazichanganyi hivyo. Anajua ipi ni chungu, ipi huteleza, ipi huchanganywa na ipi, na ipi hutiwa maziwa. Anajua pia munyu, ile magadi ya kienyeji inayochujwa kutoka majivu ya mimea ili kulainisha mboga. Sasa, kwa mtaalamu wa lishe munyu si jambo la kupuuzwa, kwani magadi ya aina hiyo na kuchemsha kwa muda mrefu huharibu vitamini C na vitamini B1. Kijana asiyejua kuuliza habari za munyu atajuaje kilichobaki chunguni? Si kwamba maarifa hayapo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuzitafiti mboga hizi, na mwaka 2021 UNESCO iliiorodhesha juhudi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kama mfano mwema.

Ushauri nao hupata ajali iyo hiyo. Mjamzito huambiwa ana "upungufu wa damu", naye huelewa kwamba damu imepungua kama maji katika mtungi, basi hutafuta kinywaji chekundu cha kuijaza. Akiambiwa ale "madini ya chuma", mambo huzidi kuchekesha. Katika mji uliovamiwa na wachimbaji dhahabu miaka ya 1930, madini ni kitu cha kuchimbuliwa Rosterman. Ambacho angefaa kuambiwa ni rahisi: chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza chuma kilichomo katika mboga na maharagwe, ilhali pera au chungwa husaidia. Nimewasikia wanafunzi wakilieleza hilo kwa Kiingereza safi kabisa, kisha wakaombwa kulisema kwa Kiswahili wakanyamaza.

Wapo watakaosema kuwa sayansi haina budi kusemwa kwa lugha ya sayansi. Na tulitazame neno kwashakoo, ambalo kila mwanafunzi wa lishe hulikariri. Halikutoka Ulaya. Ni neno la Kiga, lugha ya watu wa Accra nchini Ghana. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933 kama utapiamlo wa watoto unaohusiana na kula mahindi. Mwaka 1935 akauchapisha kwa jina walilouita wenyeji, yaani ugonjwa wa mtoto anayeondolewa ziwani mdogo wake anapozaliwa. Katika jina hilo kuna umri wa mgonjwa, chanzo cha maradhi na wakati wa hatari. Akina mama walikuwa wameshaueleza ugonjwa kabla daktari hajauandika. Sifa yake ni kwamba aliwasikiliza.

Wala Kiswahili si kigeni katika kazi hii. Mwaka 1975 Tanzania iliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai, ambapo vikundi vya watu wazima vilisikiliza redio na kusoma vitabu vya Kiswahili kuhusu lishe, na waliojiunga walizidi milioni moja. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Istilahi zipo. Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo inampa mtoto haki ya lishe ya kimsingi katika kifungu cha 53, na katika kifungu cha 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Sipendekezi Kiingereza kiondolewe. Vitabu na mitihani ya usajili vimo katika lugha hiyo, na darasani kwetu wamo vijana wa Turkana na Kilifi ambao Kiluhya hawakijui. Ninachotaka ni hojaji ziandikwe upya kwa Kiswahili na wanalishe wakishirikiana na wanaisimu, zikiuliza kilicholiwa, kilichonywewa, kilichotafunwa na kilichochumwa njiani. Na mtihani wa mwaka wa kwanza uwe na sehemu ya mazungumzo: mwanafunzi akae na mama halisi, amhoji na kumshauri kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama huyo, kisha mama aulizwe ameelewa nini. Alama 20 katika 100 zingetosha kuanzia.