Wanafunzi wa Biashara Wana Lao Kwenye Filamu

Aliyeandika kwamba wanafunzi wa biashara wasianzishe jukwaa la mtandaoni la waandishi chipukizi wa filamu amekosea chanzo cha tatizo. Chipukizi hawakosi vipaji. Wanakosa njia ya kumfikia mtayarishaji. Mwaka 2005 Franklin Leonard, akifanya kazi Hollywood, aliwauliza wenzake skripti walizozipenda ambazo bado hazijawa filamu. Orodha ya majibu yao, Black List, mwaka 2012 ikazaa tovuti ya kulipia. Kilichopungua kilikuwa mpangilio wa soko, na hicho ndicho wanafunzi hawa wanachokisomea.

Mpinzani huyo wa jukwaa atasema wanafunzi watawanyonya wanyonge kwa ada. Hofu hiyo ni ya haki, ila tiba yake ni masharti: ada itajwe wazi, wasomaji wa skripti wawe na uzoefu, hakimiliki ibaki kwa mwandishi. Kuwazuia wanafunzi ni kuiacha milango mikononi mwa wanaojuana.