"Wanafunzi Wote" ni Akina Nani?

Matangazo mengi ya taasisi zetu za elimu huanza kwa maneno "wanafunzi wote wanatakiwa". Kwa mwanaisimu, neno "wote" si pambo la sentensi. Ni dai kwamba hakuna aliyeachwa nje. Kuhusu intaneti, dai hilo halina ushahidi.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, ilielezwa kwamba masomo yangeendelea kwa redio, runinga na intaneti. Ilhali sensa ya 2019 ilikuwa imeonyesha kuwa ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wa umri wa miaka 3 na zaidi waliotumia intaneti. Shule zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021, aliyesoma miezi hiyo na aliyechunga mbuzi waliketi dawati moja wakingojea mtihani mmoja.

Laiti tatizo hilo lingalikwisha pamoja na korona! Leo mhitimu wa Kidato cha Nne huchagua kozi katika tovuti ya KUCCPS, na mkopo wa HELB huombwa vivyo hivyo. Kijana wa Nairobi mwenye simu na data huweza kurekebisha uteuzi wake akiwa sebuleni. Mwenzake wa kijijini Turkana hufunga safari hadi mjini, hulipia kompyuta, na pengine humkabidhi mhudumu nywila yake ili amjazie. Mhudumu akikosea, kijana hujikuta katika kozi asiyoitaka. Hapo kilichopimwa si akili, bali nauli.

Wapo watakaosema penye nia pana njia. Naam, lakini njia hii hununuliwa. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilitia nanga Mombasa mwaka 2009. Kwa hivyo intaneti imefika nchini zamani. Haijafika kwa asiye na fedha.

Yapo yanayowezekana. Tovuti za elimu za serikali zifunguke bila kutumia data ya mwanafunzi. Shule za umma zenye kompyuta ziwakaribishe wahitimu wakati wa uteuzi, chini ya uangalizi wa mwalimu. Na kila ombi liwe pia na fomu ya karatasi katika ofisi za elimu za kaunti ndogo.

Yasipofanyika hayo, basi tuwe wakweli katika matangazo yetu: tuandike "baadhi ya wanafunzi".