Moto wa Minecraft haununui makaa

Mtoto wa mtaa wa Tena, Nairobi, anayecheza Minecraft huwasha moto wa kambi kwa vijiti vitatu, magogo matatu na kipande kimoja cha makaa. Basi. Moto huo, ulioingia mchezoni mwaka 2019, hauongezwi kuni. Huwaka tu mpaka mtu auzime. Hupika vipande vinne vya nyama kwa pamoja, kwa sekunde 30, na mwanga wake ni 15, kipimo cha juu kabisa mchezoni.

Raha iliyoje! Lakini kwao nyumbani, stima ikipotea jioni, mamake hupepea jiko kwenye balkoni, tena kwa makaa ya kupimiwa kwa mkebe, ambayo bei yake ilipanda serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018.

Mchezo mwingine, Don't Starve, una ukali unaostahili: kuni zikiisha moto hufifia, na gizani yupo Charlie, anayeshambulia bila kuonekana.

Lakini kwa moshi, Minecraft imepatia. Moto ukiwa chini ya mzinga, nyuki hutulia na mchezaji akarina asali bila kuumwa, kama wafanyavyo warina asali wa Kitui.