Risiti Tatu, Nambari Moja

Mtaani kwetu, mweka hazina wa chama kimoja cha akina mama nusura aitwe mwizi kwa sababu ya nambari. Risiti zao ni za nakala tatu: nyeupe ya mlipaji, ya manjano ya mweka hazina, na ya waridi inayobaki kitabuni. Kijana aliyezichapa kwa kompyuta alizipanga 501, 502, 503 mfululizo. Basi nyeupe ikawa 501, ya manjano 502, ya waridi 503! Siku ya hesabu hapakuwa na nakala iliyolingana na nyingine.

Dawa yake ni nyepesi. Katika Excel, kila nambari irudiwe mara tatu. Mstari wa kwanza uwe wa kichwa; katika wa pili andika =INT((ROW()-2)/3)+501, kisha uivute fomula hiyo chini. Utapata 501 mara tatu, halafu 502 mara tatu. Risiti 50 zahitaji mistari 150. Liunganishe jedwali hilo na fomu yako katika Word, kila mstari utoe ukurasa mmoja, na karatasi za rangi zipangwe kwa zamu hiyo hiyo.

Chapa sita kwanza, uzikague. Ikiharibika moja usiitupe: ipige mstari, andika "imefutwa", uihifadhi. Pengo la nambari huzaa maneno.

Mama yule alikesha akilinganisha majina na tarehe. Fedha zilitimia zote. Lakini nani atamrudishia usingizi wake?